Pacha wa jiji aanzie kwenye bomba la maji

Oktoba 2022 Dar es Salaam iliishi kwa ratiba ya mgawo wa maji. Mvua zilikuwa zimechelewa, kina cha mto Ruvu kilikuwa kimeshuka, na mitambo miwili inayoutegemea, Ruvu Juu ulioko Mlandizi na Ruvu Chini ulioko Bagamoyo, haikuweza kufikia uwezo wake wa lita milioni 196 na lita milioni 270 kwa siku. Madumu yalipangwa foleni visimani, boza likawa bidhaa ya kugombewa, na watu wakawa wanaulizana kila asubuhi leo ni zamu ya mtaa gani. Mjadala ukaelekea ulikozoea kuelekea: bwawa la Kidunda lijengwe upesi, visima vichimbwe, dua zisomwe.

Swali moja halikupewa nafasi yake. Maji yakishatoka Mlandizi na Bagamoyo, yanaishia wapi?

Taarifa za miaka ya karibuni za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, zinaonyesha kuwa mamlaka za maji za Tanzania, kwa wastani, hupoteza zaidi ya theluthi ya maji zinayozalisha. Nchini Kenya, WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji, imekuwa ikiripoti wastani wa karibu asilimia 45, na Nairobi imewahi kukaribia nusu. Sehemu ya maji hayo huvuja chini ya barabara. Sehemu huchepushwa na maunganisho haramu. Nyingine hufika kwa mteja kabisa, ila mita imechoka na haihesabu ipasavyo. Mhasibu wa mamlaka anajua jumla ya hasara. Fundi wa mtaani anajua shimo analochimba leo. Baina ya ngazi hizo mbili, ni wachache wanaoweza kuonyesha kwa uhakika kanda gani inapoteza kiasi gani, kwa sababu gani, na ipi izibwe kwanza ili fedha kidogo iliyopo ilete maji mengi.

Teknolojia ya pacha wa kidijitali imetengenezwa kwa maswali ya namna hiyo. Inastahili kujadiliwa Afrika Mashariki sasa, kabla wauzaji hawajafika na maonyesho yao ya skrini kubwa. Miji ya ukanda huu inamhitaji pacha huyo, lakini aanze akiwa mdogo, aanzie ardhini kwenye bomba na mita, na awe mali ya umma tangu siku ya kwanza.

Pacha wa kidijitali ni modeli ya kompyuta ya kitu halisi, iwe mtambo, jengo au jiji zima, inayopokea taarifa kutoka kwa kitu hicho mfululizo na kubadilika kadiri chenyewe kinavyobadilika. Ramani ya kawaida huonyesha bomba lilipopita siku lilipolazwa. Pacha huonyesha kiasi cha maji kinachopita humo saa hii na msukumo wake, kisha humruhusu mhandisi kujaribu jambo kabla ya kulitenda. Koki ile pale Ubungo ikifungwa, mtaa gani utakauka kwanza, na baada ya saa ngapi?

Wazo hilo lina umri. Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka kwenye chombo cha Apollo 13, wahandisi wa NASA walitumia mitambo ya mazoezi iliyoigiza chombo hicho kujaribu hatua moja moja duniani kabla ya kuwaelekeza wanaanga watatu waliokuwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka nyumbani. Mwaka 2002 Michael Grieves, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alieleza namna kitu halisi na nakala yake ya kompyuta vinavyoweza kwenda sambamba kuanzia kuundwa hadi kutupwa. Viwanda vya ndege na mitambo ya umeme vililichukua wazo hilo mapema. Miji ikafuata.

Mji unaotajwa zaidi ni Singapore. Desemba 2014 serikali yake ilitangaza mradi wa Virtual Singapore, wenye thamani ya dola milioni 73 za nchi hiyo, uliojengwa juu ya programu za kampuni ya Kifaransa ya Dassault Systèmes. Majengo, barabara na miti viliingizwa kwenye modeli ya pande tatu. Mpangaji anaweza kuuliza paa zipi zinapata jua la kutosha kubeba paneli za sola, au kivuli cha ghorofa jipya kitaangukia wapi saa tisa alasiri. Watafiti wa mradi mwingine, Cooling Singapore, wakajenga pacha wa hali ya hewa ya mji ili kupima joto la mitaani litapungua kiasi gani mpango fulani wa ujenzi ukifuatwa.

Picha za Singapore zinavutia, na hapo ndipo mtego ulipo. Nchi ile ilifika kwenye skrini ikiwa tayari na ardhi iliyopimwa na kusajiliwa, wakala mmoja, PUB, unaosimamia maji tangu tone la mvua hadi maji taka, na takriban asilimia 80 ya wakazi wakiwa kwenye nyumba zilizojengwa na serikali yenyewe. Waziri anayetembelea ofisi za mradi huo huonyeshwa mwisho wa safari ya miaka 50 na kudhani ameonyeshwa mwanzo wake.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, Valencia ya Hispania ina somo lililo karibu zaidi. Huko kampuni ya maji ya Global Omnium, ikishirikiana na wataalamu wa chuo kikuu cha ufundi cha mji huo, ilijenga pacha wa mtandao wa maji safi unaohudumia jiji na viunga vyake, watu wapatao milioni 1.6. Hawakuanza na sura za majengo. Walianza na modeli inayokokotoa mwendo wa maji ndani ya mabomba, kisha wakaifunga na vipimo vinavyotoka kwenye pampu, matangi na koki, pamoja na mita za wateja zinazotuma usomaji zenyewe. Msukumo ukishuka ghafla mahali, mwendeshaji huuliza modeli ni bomba gani likipasuka litaleta dalili kama hizo, naye fundi hupelekwa karibu na tatizo badala ya kuzunguka mtaa mzima akitafuta tope. Bomba kuu likihitaji matengenezo, kufungwa kwake huigizwa kwanza ili wateja watakaoathirika wajulikane mapema. Mfanyakazi mpya hujifunza kwa kukosea kwenye pacha, pasipo kumkatia maji mtu yeyote.

Mhimili wa hesabu hizo ni EPANET, programu ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Inapatikana bure. Mwanafunzi wa Chuo cha Maji pale Ubungo anaweza kuipakua leo usiku kwenye kompyuta yake mpakato na kuanza kuchora mtandao wa mtaa wake. Gharama kubwa basi haiko kwenye hesabu. Iko kwenye kujua bomba limepita wapi, lina kipenyo gani, lililazwa lini, nani ameunganishwa nalo na ametumia kiasi gani.

Valencia hiyo hiyo inatoa onyo pia. Oktoba 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 220, wengi wao katika vitongoji vinavyolizunguka jiji hilo. Pacha wa mabomba ya maji safi hakujengwa kwa ajili ya mito, na tahadhari iliyotumwa kwenye simu za wananchi ilifika wakati sehemu nyingi zimeshafunikwa. Pacha hujibu swali alilojengewa tu, na jibu lake halina maana kama mwenye madaraka ya kuamua amechelewa kuamua.

Kuna mji mwingine unaopaswa kuwekwa mezani kila teknolojia hii inapojadiliwa, nao ni Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, baada ya miaka ya vita, mamlaka yake ya maji ilikuwa ikipoteza asilimia 72 ya maji iliyozalisha. Mhandisi Ek Sonn Chan alikabidhiwa shirika lililooza: orodha ya wateja isiyoaminika, wafanyakazi waliokuwa wakiuza maunganisho kwa faida yao, na wakubwa waliokuwa wakitumia bila kulipa. Alituma watu nyumba kwa nyumba kuhakiki orodha. Akafunga mita kila mahali, zikiwemo nyumba za maafisa wa jeshi. Kwa maelezo yake mwenyewe, jenerali mmoja alimwelekezea bastola kichwani kwa sababu hiyo. Mabomba chakavu yakabadilishwa kwa msaada wa wafadhili, mtandao ukagawanywa katika kanda, na vikosi vya kutafuta mivujo vikafanya kazi usiku na mchana. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000, upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6, kiwango ambacho miji mingi ya Ulaya haijakifikia.

Phnom Penh ilifanya hayo kabla ya mapacha wa kidijitali kuwa habari ya mjini. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na mamlaka ile ilianza kwa kurekebisha daftari. Pacha ni daftari linalojiandika lenyewe kila dakika. Akilishwa orodha mbovu, ataueneza ubovu huo kwa kasi na kwa rangi nzuri.

Je, Afrika Mashariki ina chochote cha kuanzia? Inacho, tena kingi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, uliozikutanisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi, uliwatuma wanafunzi na wakazi kwenda kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko. Walitembea uchochoro kwa uchochoro wakiandika mitaro, madaraja, vioski na nyumba, na kuwauliza wenyeji maji hufika wapi mvua kubwa inaponyesha. Ramani hizo ziko wazi kwenye mtandao wa OpenStreetMap hadi leo. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA wakashiriki kuzirusha. Mwaka 2022 Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi iliyoipa nyumba namba na mtaa jina, katika mwaka ule ule wa sensa iliyohesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Nayo mita za LUKU, zilizozoeleka tangu miaka ya 1990, zimelifundisha taifa zima kununua umeme kwa namba na kuacha kumbukumbu ya kila ununuzi.

Hazina hizi zimekaa kila moja kwenye ofisi yake. Mwenye ramani ya mitaro hana ramani ya mabomba, mwenye mabomba hana ya nyaya, na mkandarasi wa barabara hugundua bomba kuu pale kijiko cha greda kinapolitoboa.

Lakini pacha wa Valencia hawezi kubebwa na kupandwa Tabata kama alivyo. Programu kama EPANET hudhani bomba limejaa maji saa zote. Mjini kwenye mgawo, bomba hukauka Jumatatu na kujaa Alhamisi. Maji yakirudi husukuma hewa mbele yake, na mita za nyumbani huzungushwa na upepo; malalamiko ya wateja kulipia hewa yana fizikia nyuma yake. Upo pia ujanja wa kawaida wa kupima mivujo: kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, kwa hiyo maji yanayoingia kwenye kanda wakati huo yanapaswa kuwa kidogo sana, na yakiwa mengi kuna mahali panavuja. Dar es Salaam saa hizo ndizo ambazo simtanki hujazwa, kwa kuwa msukumo ndipo huwa mzuri. Modeli iliyoletwa kutoka nje itaona mvujo mahali ambapo mama mwenye nyumba ameacha koki wazi kwa makusudi.

Kisha kuna maji yasiyopita kwenye bomba la mamlaka hata kidogo. Familia nyingi zinaishi kwa visima binafsi, kwa maboza na kwa wauza madumu. Karibu na pwani, uvutaji wa kupita kiasi huingiza chumvi ya bahari kwenye maji ya ardhini. Pacha anayewaona wenye akaunti tu atawapangia wenye akaunti tu, na wapangaji wa uswahilini wanaonunua dumu kwa bei ya juu kuliko uniti ya maji ya bombani wataendelea kutokuwepo, safari hii kwa uthibitisho wa kompyuta.

Haya ni maswali ya utafiti ambayo Singapore haina sababu ya kuyajibu, kwa sababu haina mgawo. Wahandisi wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura wanayo sababu hiyo kila wiki. Vyuo vya ukanda huu vikitengeneza modeli inayoelewa bomba linalokauka na kujaa, simtanki juu ya paa na kisima cha jirani, vitakuwa vimetengeneza kitu kinachohitajika kwenye miji mingi ya Afrika na Asia ya Kusini.

Hatua ya kwanza haihitaji jiji zima. Inatosha kuchagua kanda moja yenye wateja elfu chache, kufunga mita kubwa kwenye milango yake ya maji, kuhakiki kila muunganisho nyumba kwa nyumba kwa msaada wa wajumbe wa mashina wanaomjua kila mtu, kuweka vihisi vichache vya msukumo, na kujenga modeli. Miezi kadhaa ya kulinganisha maji yaliyoingia na yaliyolipiwa itaonyesha kama modeli inasema kweli. Ikikosea, itakuwa ndogo kiasi cha kurekebishika. Ikipatia, kanda ya pili itagharimu kidogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa mafundi watakuwa wamejifunza.

Mabomba yakishakaa sawa, mitaro ifuate. Bonde la Msimbazi linaeleza kwa nini. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani, kwenye bonde hilo hilo, na mafuriko yameitembelea mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za kuliendeleza bonde hilo. Modeli ya mafuriko iliyounganishwa na vipimo vya mvua Pugu na Kisarawe, kule maji yanakotoka, ingetoa saa kadhaa za tahadhari kwa walio chini, na kabla ya hapo ingeweza kuonyesha mahali pa kutojenga. Ushauri wa kutojenga bondeni ulikuwepo hata bila kompyuta. Kompyuta ingeufanya uwe wa wazi kiasi kwamba anayeupuuza aonekane.

Wapo wanaosema hii ni gharama na anasa wakati shule hazina madawati. Hoja yao ina uzito ikiwa kinachonunuliwa ni ukumbi wenye kiyoyozi na skrini za ukutani. Kwa mamlaka inayopoteza theluthi ya bidhaa yake, kupima ni njia mojawapo ya kupata fedha ya madawati. Lita iliyookolewa kwenye mvujo imeshavutwa, imeshatibiwa kwa dawa na imeshalipiwa umeme wa pampu. Haihitaji mkopo wa bwawa jipya ili ifike kwa mteja.

Wasiwasi mkubwa zaidi ni wa faragha na umiliki. Mita inayotuma usomaji kila saa inajua familia huamka lini, na inajua nyumba ipi haina mtu. Huko Toronto, kampuni ya Sidewalk Labs, ndugu wa Google, ilipanga kujenga mtaa wa kisasa uliojaa vihisi katika eneo la Quayside. Wakazi walihoji kwa miaka nani atamiliki taarifa zao, mshauri wa faragha wa mradi alijiuzulu mwaka 2018, na Mei 2020 kampuni ikajitoa ikitaja msukosuko wa uchumi wa janga la korona. Helsinki imepita njia tofauti: modeli zake za mji za pande tatu zimewekwa wazi kwa umma, na vijana wa programu, wasanifu na shule huzitumia bila kuomba ruhusa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 pamoja na tume ya kuisimamia. Sheria zipo. Zinapaswa kuingizwa kwenye mikataba ya manunuzi kabla ya mita ya kwanza ya kisasa kufungwa.

Mikataba hiyo ndiyo mahali wabunge na madiwani wanapoweza kufanya kazi yao. Waulize kama taarifa zitabaki mali ya mamlaka mkataba ukiisha, au jiji litalazimika kulipia kila mwaka ili kuyaona mabomba yake lenyewe. Waulize kama mfumo unaweza kusomwa na programu huria, na kama mafundi wa ndani watafunzwa hadi waweze kuuendesha bila mgeni. Wadai usomaji wa nyumba moja moja ufichwe, na jumla za kanda zitangazwe. Kila robo mwaka, kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, mkazi akute namba nne kwa Kiswahili cha kawaida: maji yaliyoingia kwenye kanda yake, yaliyolipiwa, yaliyopotea, na mivujo iliyozibwa. Mamlaka itakayokataa kubandika karatasi hiyo haina sababu ya kupewa fedha za skrini.